Mapumba ya Bulaimu

"Sikieni wote! Mwaka huu muke wangu atakula wali wa shamba yake mwenyewe, ile munasema imekufa. Asipokula, mimi Bulaimu nitatembea toka hapa mpaka kivukoni nimevaa kiloba!"

Hayo aliyasema mbele ya mashine ya Léon ya kukoboa mpunga, pale Alunguli, siku ya soko, wanawake wakiwa wamekalia mabeseni yao wakingoja zamu. Mashine ya Léon ina kelele za kuua, lakini siku hiyo mkanda wake ulikuwa umekatika, kwa hiyo kila neno lilisikika mpaka barabarani. Mkanda ungekuwa mzima, pengine mzee angeokoka.

"Papa Bulaimu," akasema Mama Bibiche, muuza mawese, "kiloba cha nini tena? Tayari unafanana nacho."

Na kweli alifanana nacho. Alikuwa amejaa mapumba ya mpunga toka kichwani hadi vidoleni, mapumba kwenye nyusi, mapumba masikioni, kama mtu aliyeanza kukobolewa akaachwa katikati.

"Cheka tu. Utakuja kuomba sahani."

"Nitakuja na kijiko yangu! Ila nimesikia kwako wali hauvunwi, unachimbwa."

Hapo watu walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana neno hilo liligusa mahali ambapo watu wa Alunguli hawagusi. Bulaimu akafunga viloba vyake vya mapumba juu ya velo, baiskeli yake kuukuu, akaisukuma akaondoka bila kujibu. Na Bulaimu kuondoka bila kujibu ni jambo ambalo watu walilizungumzia hadi jioni.

Shamba lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Adolphine, mkewe, ambaye aliachiwa na mama yake: kipande cha bonde nyuma tu ya nyumba, kando ya kijito cha Lusemba. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, wa kung'ang'ania jembe kama mwenyeji anayekataa mgeni aondoke. Mama mkwe alilima mpunga pale mpaka mgongo ukapinda. Adolphine alipoolewa hakuja na mali nyingine, wala haikuhitajika. Watu walimwambia Bulaimu kwamba ameoa ghala.

Kisha vita vikaingia. Miaka ile mji ulifungwa: treni haikulia, maboti hayakupanda, na aliyevuka nyumba za mwisho kutafuta mihogo aliweza kurudishwa amebebwa juu ya mlango. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Watu wenye bunduki walibadilika, leo hawa, kesho wale, lakini njaa ilikuwa ile ile, haikuhama kambi hata siku moja.

Katikati ya njaa hiyo binti yao Princesse, aliyekuwa bado hajajifunza kusimama, akashikwa na homa. Na wakati huo huo ndipo watu waliokuwa wakichota maji Lusemba walipoona vichenga vya dhahabu kwenye mchanga. Bulaimu akalitazama shamba la mkewe. Akamtazama na mtoto.

"Nitachimba kona tu," akasema. "Kona kidogo. Tupate dawa."

Adolphine hakujibu. Alikuwa amemkumbatia mtoto anayetetemeka, na mikono yake ilikuwa na kazi kuliko mdomo. Bulaimu akahesabu kimya kile kuwa ni ndiyo.

Sasa dhahabu haikai kwenye udongo mweusi. Inakaa chini yake, kwenye changarawe. Ili uifikie lazima uondoe ule mweusi kwanza, na hakuna mchimbaji anayejiuliza auweke wapi. Bulaimu aliumwaga kijitoni. Amuri, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa anang'oka meno ya utoto, alibeba beseni kichwani akifurahi, maana kazi ya baba siku zote inaonekana mchezo. Kufikia saa sita maji ya Lusemba yalikuwa meusi kama kahawa. Wanaume wengine wakaja na masepeto yao. Kona ikawa robo, robo ikawa nusu, nusu ikala shamba lote, kwa sababu shimo halijawahi kuomba ruhusa kwa mwenye kiwanja. Udongo ambao mama mkwe aliulea maisha yake yote ulishuka mto Lualaba bila hata kuaga.

Bulaimu alipata dhahabu. Ilitosha kufichwa chini ya ukucha. Alikimbia nayo mji mzima, akapiga hodi kwenye kila duka la dawa, akakuta mbao tupu na vumbi. Muuguzi mmoja aliitazama ile dhahabu, akamfunga Bulaimu vidole juu yake taratibu, kama mtu anayemrudishia mtoto peremende.

"Papa, hata ungeleta kilo moja. Dawa haiko."

Princesse alizikwa kabla ya jua kuzama. Wakirudi toka makaburini, Adolphine alipita kando ya shimo, akasimama, akauliza jambo moja.

"Baba Amuri, shamba ya mama yangu umeiweka wapi?"

Hakuuliza tena. Afadhali angeuliza kila siku.

Amani ilipokuja, wachimbaji waliondoka kama wageni wa matanga chakula kikiisha. Walibakisha changarawe nyeupe na mashimo ya maji ya kijani, ambamo vyura walifungua bunge lao, na tofauti na mabunge mengine, lile lilikutana kila siku. Hakuna kilichoota pale. Hata yale majani yanayoota juu ya mabati yalikataa. Bulaimu alibeba mizigo bandarini. Amuri alikua, na kwa kuwa kazi ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa ni beseni, akaenda nalo Punia kuchimba. Adolphine alinunua mchele sokoni kama mtu yeyote. Akienda kuchota maji alizunguka njia ndefu ya juu, asilione bonde, na alizunguka hivyo miaka zaidi ya ishirini.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akasema moyo umechoka. Alasiri moja, akiwa amelala kwenye mkeka, alisema maneno, si kwa mumewe, kwa paa la nyumba.

"Wali wa pale ulikuwa na harufu. Ukiupika, majirani walijua."

Basi, ni hayo tu. Bulaimu akatoka, akaenda kukaa ukingoni mwa mashimo na vyura wake, na aliporudi alikuwa mtu mwenye shughuli. Alikuwa amepata kitu cha kumrudishia, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba yeye angechelewa, kama alivyochelewa na Princesse.

Bahati ikaleta mradi. Uliletwa na agronomu mmoja mwanamke, Nathalie, aliyekuja kufundisha namna ya kufufua udongo ulioharibiwa na uchimbaji. Watu walijaa kwenye semina kwa ajili ya soda. Bulaimu naye, tusidanganyane, alikwenda kwa ajili ya soda. Ila siku iliyofuata soda hazikuletwa, na yeye alikuwa ameketi mbele.

Kwa haraka zake za kuzaliwa, alisikia neno "mapumba" akakimbia kabla ya kusikia mengine. Pale kwa Léon mapumba yalikuwa mlima, yakichomwa kila wiki yasifunike nyumba. Akayabeba, akayamwaga mazito juu ya changarawe, akapanda mpunga siku hiyo hiyo. Mpunga uliota wa manjano kama mgonjwa wa ini, ukasinzia, ukafa. Nathalie alikuja, akachuchumaa, akachukua gao moja la udongo akalinusa.

"Papa Bulaimu, mapumba mabichi yanakula kabla ya kulisha. Udongo ulikuwa na njaa, wewe umeuletea wageni."

"Niyatoe?"

"Hapana. Yaozeshe kwanza. Changanya na mavi ya mbuzi na magugu ya mtoni. Mengine uyachome polepole yawe meusi, yasifike majivu. Na mpunga uusahau. Panda yale maharage ya kutambaa, yasiyoliwa, uyafyeke, uyalaze pale pale yaoze."

"Nipande kitu ambacho hakiliwi? Watu watasema nini?"

"Wanasema tayari," Nathalie akajibu, na hapo ndipo alipocheka.

Na walisema. Bulaimu alifuata mbuzi wa jirani na ndoo, watu wakasema amepata mke wa pili, mwenye pembe. Alivuta magugu yanayoelea Lualaba, akayapakia yakichuruzika maji, velo ikapita sokoni ikinuka samaki. Alijaza mashimo moja baada ya jingine, akawafukuza vyura kwa heshima. Alijenga marundo ya mbolea, akayafunika kwa majani ya migomba, na asubuhi aliingiza mkono ndani kuona kama yana joto, jinsi mtu anavyomgusa mtoto paji la uso. Mradi uliisha, gari likaondoka, kibao chake kikabaki pale njiani, kirefu kuliko shamba lenyewe. Bulaimu hakuona tofauti. Maharage yalitambaa, akayafyeka, yakaoza. Akapanda tena.

Siku moja aliingia ndani na jani la mgomba lililokunjwa, akalifungua mbele ya mkewe. Ndani kulikuwa na tonge la udongo mweusi, na mnyoo mmoja wa ardhi, mnene, anayejikunja kwa hasira.

"Mama Amuri, angalia."

"Baba Amuri, wanawake wengine wanaletewa kitenge. Mimi unaniletea munyoo?"

"Huyu alikuja mwenyewe. Sikumuita."

Adolphine akauchukua ule udongo, akauminya. Ulishikana. Akaufungua mkono, ukamomonyoka polepole. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama udongo. Halafu akasema, "Andikia Bernadette kule Kibombo. Mbegu ya mama bado anaipanda."

Bernadette, mdogo wake, alituma mbegu kwa treni, imeshonewa ndani ya foronya. Mwaka huo mpunga uliota wa kijani cha kweli, ukatanua mashina, ukabeba. Huo ndio mwaka aliojigamba kwa Léon. Mtu angemwona Bulaimu siku zile akitembea kati ya mistari, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, angemsamehe majigambo mengi zaidi.

Kulikuwa na desturi. Mpunga mpya hauonjwi na mtu yeyote kabla mwenye shamba hajaingia mwenyewe, akakata suke la kwanza kwa mkono wake na kutafuna punje mbichi pale pale. Mwenye shamba alikuwa Adolphine, na Adolphine hakuwa amekanyaga bonde lile tangu walipotoka kumzika mtoto. Bulaimu alimzungukia siku nzima asijue aanzie wapi. Adolphine ndiye aliyeanza.

"Miguu ikipungua kidogo, nitakuja kukata."

Bulaimu alitoka nje akamfokea mbuzi wa jirani ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Na ni kwa sababu ya mbuzi hao kwamba alikosea. Masuke yalikuwa yameinama, mbuzi walikuwa wameyaona, na Adolphine alikuwa bado hajaweza kusimama. Basi Bulaimu akakata matawi ya mchikichi, akayafunga shamba lote, pembe hadi pembe. Kazi nzuri, imara, mbuzi hapiti.

Ila kwa wachimbaji wa Maniema, tawi la mchikichi likifungwa kuzunguka mahali lina maana moja: mali imepatikana hapa, mwenyewe yuko, wengine simameni mbali. Kila mchimbaji anajua hilo. Bulaimu alilijua kabla ya wengi wao kuzaliwa, alishafunga matawi kama hayo kwa mikono hiyo hiyo. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa mpunga mpaka mlangoni, na hakukubaki nafasi ya kitu kingine.

Kufikia jioni mtaa ulikuwa umekwisha kumwelewa. Kumbe ndiyo maana! Nani anabeba takataka miaka yote hiyo kwa ajili ya wali? Wali uko sokoni. Mapumba yalikuwa ya kufunika dhahabu, na mpunga ni kifuniko cha kifuniko. Watu waliomcheka kwa ujinga sasa walimheshimu kwa ujanja, na heshima ile ndiyo iliyommaliza.

Usiku huo Adolphine alikosa pumzi. Alfajiri wakamlaza ndani ya mtumbwi, wakamvusha hadi hospitali. Wauguzi wakaandika dawa, wakataka malipo ya mwanzo. Bulaimu akaazima simu, akampigia Amuri kule Punia.

"Mama yako iko lopitali. Hali si nzuri. Kuja na chochote."

Amuri aliondoka saa ile ile. Alikuja na chochote, na njia ikakimaliza: pikipiki ilikwama, ikavunjika, ikatengenezwa, ikavunjika tena, na kila kijiji alichopita kilimla mfukoni. Alifika Alunguli upande huu wa mto, mikono mitupu, akiona aibu kuvuka kwenda kumtazama mama yake na mikono hiyo. Akapita nyumbani kwanza. Akayaona matawi. Akaona na wanaume wa mtaa wamesimama ukingoni na masepeto, wakisukumana nani aanze.

"Hii ni yetu," akasema Amuri. Akaingia wa kwanza.

Ng'ambo ya pili, Adolphine alikuwa ameitazama miguu yake na kuelewa.

"Baba Amuri, hii miguu haitapungua. Niletee suke moja hapa. Nitatafuna humu kitandani, shamba itanisamehe."

Bulaimu alivuka kwa mtumbwi akiwa mwepesi kama kijana. Suke moja. Njiani kutoka kivukoni aliwasalimu watu ambao hata hakuwajua. Alipokaribia nyumbani alisikia masepeto kwanza. Kisha akaona maji ya Lusemba, meusi.

"Baba!" Amuri alimwita toka shimoni, matope hadi kifuani, meno meupe. "Ulificha vizuri! Hata mimi ungenidanganya. Ila filo ya dhahabu iko chini zaidi, bado hatujaifikia."

"Filo gani?"

"Baba, tusifichane. Nimeona matawi."

Bulaimu aliyatazama matawi ya mchikichi, yaliyokuwa yamelala kwenye tope, na ndipo alipoona kitu alichofunga.

"Ilikuwa juu ya kuzuia mbuzi," akasema.

Amuri alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Na mupunga?"

"Mupunga ilikuwa mupunga."

Wanaume wakaacha kuchimba, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Mama Bibiche, aliyekuwa ukingoni na beseni lake kifuani, akalishusha chini.

"Mama anataka dawa," Amuri akasema, sauti imekuwa ya mtoto. "Nilikuja mikono mitupu, Baba. Nikasema nichimbe kona tu."

Bulaimu alifungua mdomo. Matusi alikuwa nayo, mtu aliyezeeka bandarini hakosi. Lakini kila alilotaka kulitupa aliliona lina jina lake mwenyewe. Akashuka shimoni na nguo zake za kwendea hospitali, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye tope hadi kiwiko, akawa anapapasa. Alitoa suke moja. Akalisuuza kijitoni, na maji yalipopita lilibaki bua tu, limepukutika lote.

"Turudishe udongo," Amuri alisema. "Niambie tuurudishe wapi."

"Iko Lualaba," Bulaimu akajibu, akapanda, akaenda.

Hospitalini alikaa muda nje kabla ya kuingia. Adolphine alikuwa macho, amegeukia mlango.

"Umeleta?"

"Nimeleta wali. Si wetu."

Adolphine akautazama. "Mbuzi?"

Angeweza kusema ndiyo. Mbuzi wangebeba lawama tu, walikwisha kubeba nyingi. "Amuri," akasema. "Alifika. Anachimba."

Adolphine alijivutia shuka. Nje mtu alikuwa akifagia uani, na ufagio ulisikika toka ukuta hadi ukuta.

"Juu ya kutafuta dawa yangu."

"Ee."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Aliufunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo. Alipokitoa macho yalikuwa makavu. "Nipe hiyo, kabla haijapoa." Bulaimu akamlisha kwa mkono, tonge dogo, na jingine. Adolphine hakusema ni tamu wala si tamu. Baada ya kidogo akamsukumia sahani. "Kula na wewe. Na umwachie Amuri. Atafika na njaa, na usimpige."

Amuri alifika, hakupigwa. Wiki haikuisha, Adolphine akafariki. Walimvusha kwa mtumbwi, wakamzika Alunguli karibu na Princesse, na safari hii hakukuwa na njia nyingine ya kupitisha jeneza, ilibidi wapite bondeni.

Wali ule aliomlisha mkewe, Bulaimu aliununua mbele ya mlango wa hospitali, kwa mama mmoja anayeuza na maharage. Sahani ya wali mtupu, bila maharage, ni faranga elfu mbili.